Siafu Kwenye Mlango wa Posa

Siku ya posa ya Amira, Bibi Amna aliamka kabla ya jogoo. Raha ilikuwa inamwasha kama upupu. Alifagia ua mara mbili, akaonja pilau mara tano, na kipepeo wa njano alipoingia jikoni akatua kwenye mfuniko wa sufuria, bibi akapiga kigelegele peke yake.

"Wageni wanapanda bajaji huko Bonga sasa hivi!"

"Bibi, Sele ameshanipigia simu kwamba wanakuja," Amira akacheka. Alikuwa mjukuu aliyelelewa na bibi huyo tangu yuko mgongoni.

"Simu yako inaisha chaji. Kipepeo wangu je?"

Watu wote wa Nakwa walijua kwamba Bibi Amna anasoma wadudu. Kipepeo ni mgeni. Buibui akishuka na uzi mbele ya uso wako, habari iko njiani. Maana nyingine alifundishwa na mama yake. Nyingine, Mungu amsamehe, alizitunga mwenyewe huku akimenya vitunguu.

Bajaji mbili zikaingia. Akashuka Mzee Sadallah, baba mdogo wa Sele, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Wakafuata wazee wawili, na mwisho Mama Ibra, shangazi ambaye asipotia neno lake, katika ukoo ule hakuna anayeoa. Wanaume wakakivuka kizingiti bila kutazama chini, wakavua viatu ndani. Mama Ibra akainua mguu, akaangalia chini, akaushusha.

Siafu! Msafara mnene ulikuwa umetoka kwenye michongoma, unameremeta baada ya mvua ya jana, na umekikata kizingiti katikati.

"Shikamoo, Bibi Amna," akasema Mama Ibra, kisha akapaza sauti. "Sadallah! Tokeni humo. Posa hakuna!"

Kosa lilikuwa la Bibi Amna mwenyewe. Zamani Mama Ibra alipokuwa jirani yake, alikuwa akija kila alasiri na haondoki mpaka sahani iwe tupu. Siku moja siafu walipita mlangoni, na bibi akamwambia kwa sauti ya kaburini: "Siafu wakikata mlango, neno lolote la nyumba hiyo linakatika. Mgeni mwema anaondoka." Mama Ibra aliacha chai kikombeni akakimbia. Maandazi yote bibi akayala mwenyewe.

"Mama Ibra, mwanangu," akasema sasa, "yale niliyatunga. Nilikuwa nayaonea choyo maandazi yangu."

"Wewe bibi! Leo unawakana siafu kwa ajili ya mjukuu? Uliponiambia kipepeo, nilipata mgeni. Uliponiambia buibui, Ibra akachaguliwa sekondari. Siafu ndio wawe uongo?"

Ndani, wazee walianza kutafuta viatu. Pazia la chumba likatikisika. Nyuma yake Amira alikuwa amesimama na gauni lake la kijani, anajua wazi kwamba posa ikirudi kutoka mlangoni, ukoo ule haupigi hodi mara ya pili.

Bibi Amna akawaza mbiombio. Ukweli umekataliwa, basi uje uongo, lakini uwe umekomaa. Macho yake yakafuata siafu mpaka penye jiwe, pale walipogawanyika na tawi moja likakunja kwenda kwenye kivuli cha mpapai.

"Sawa, mwanangu," akasema kwa upole mwingi. "Ila jua ni kali. Wasubiri wenzako pale kivulini."

"Ahsante, Bibi."

Haikufika dakika.

"Yalaaa! Mama yangu weee!"

Siafu akishapanda ndani ya nguo, hajui huyu ni shangazi wala yule ni mkwe. Mama Ibra aliruka msafara na kizingiti kwa hatua moja, akapita katikati ya wazee, akajitupa chumbani kwa Amira na kuvuta pazia.

"Nichomolee! Siyo hapo, mwanangu, juu zaidi!"

Wazee wote watatu wakaanza kukagua dari.

"Mmeona wenyewe!" Bibi Amna akapiga makofi. "Siafu wakikata mlango, neno linakatika. Lakini wakimng'ata shangazi akaingia mwenyewe mbio, neno wamelifunga kwa meno! Sadallah, sema haraka kabla hawajaachia!"

Mzee Sadallah, kiatu kimoja mguuni, akaitoa posa yote kwa pumzi moja.

"Sema vizuri, Sadallah!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Waambie namtaka mtoto huyu. Ana mikono myepesi, ameshawang'oa kumi na moja!"

"Amira, umesikia?" bibi akauliza.

"Nimesikia, nimekubali. Shangazi, usitikisike!"

Vigelegele vikavuka ua. Mama Ibra akatoka amejifunga kanga ya bibi, akala sahani mbili za pilau, na ya tatu alipoletewa akamwinamia mwenyeji wake.

"Bibi, hilo la kung'atwa, nalo umelitunga?"

"Nikisema ndiyo, utaniamini?"

"Siamini."

"Basi kula, mwanangu. Na leo maliza na maandazi."