Zamu ya Kuku Wangu

"Huyo kuku sasa ni wa kijiji, Mama Mboni. Mgeni ni wa wote, na kuku ni wa wote."

"Wa wote tangu lini? Kicheche alipomjia usiku, hao wote walikuwa wapi? Niliamka peke yangu na kijinga cha moto."

Theodora, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa ameuziba mlango wake, mikono kiunoni. Mimi nilikuwa uani kwake, na nyuma yangu majirani walishaanza kujaa. Kijiji cha ujamaa kina uzuri huo mmoja: nyumba zimepangwa mstari, ugomvi hauhitaji kutangazwa.

"Shusha sauti, mgeni yumo ndani."

"Ndiyo maana nimeipandisha."

Kijana mmoja wa chuo, Tamimu, alikuwa ameletwa kutoka Dar es Salaam akae nasi siku tano, aandike tunavyoishi. Mkutanoni alisimama mwenyewe akasema: ndugu zangu, nataka kulala mnavyolala, kula mnachokula, kulima mnavyolima. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana napenda wageni. Kabla ya kuhamishiwa hapa mwaka jana nilikuwa nauza chai Shelui, na dereva wa lori aliyepita bila kukaa kwenye benchi langu, ujue alikuwa mgonjwa.

Basi kamati ikakaa. Ilipoinuka, kijana alikuwa amepangiwa kwa balozi Antipasi, kwa sababu ndiye mwenye bati. Godoro likatoka kwa mwalimu Marko. Beseni likatoka kwa Luciana. Birika likatoka kwangu, nikalitoa kwa moyo mweupe. Halafu zikaja zamu za kuku: siku ya kwanza wa Luciana, ya pili wa mzee Manase, na mchele uliagizwa Shelui. Jembe hakupewa hata kulishika. Aliwekewa kiti kivulini.

Siku ya tatu nimerudi kisimani, nakuta chungu changu kilichopasuka, kile ninachokitia majivu kuku walalie, kina mayai kumi na moja na hakina mama. Tetea wangu wa madoadoa, aliyebaki peke yake baada ya ukame kuwamaliza wenzake, alikuwa na siku ya kumi na tano analalia. Zamu ilikuwa yangu, na Antipasi alikuwa amepita. Jamani, hata mwizi huangalia kwanza kuku anafanya nini. Nikayafunika mayai kwa blanketi la mwanangu, nikaja.

"Mchinjieni jogoo wenu," nikamwambia Theodora.

"Hatuna jogoo."

"Mna bati, hamna jogoo?"

Watu wakacheka. Hapo mgeni akatokea nyuma ya bega la Theodora, daftari mkononi, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Shikamoo ni shikamoo, hata ukiwa na hasira unaitikia. "Baba, wewe si ulisema utakula tunachokula?"

"Ndiyo mama, na ninakula. Niliambiwa hapa kila nyumba huchinja kuku."

"Umeandika hivyo?"

Akasita. "Nimeandika."

"Tusomee."

Akafungua daftari, akasoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: wananchi wa hapa hulala kwenye magodoro, hunywa chai asubuhi, na mlo wao wa kawaida ni wali kwa kuku.

Tulikuwa tunaishi kwa ule unga wa njano wa msaada, tulioupa jina la Yanga, na kwa mlenda. Mimi kuku nilimla Idi, na hiyo Idi si ya mwaka huu.

"Godoro ni la mwalimu Marko," Luciana akasema kutoka nyuma. "Yeye amelalia ngozi ya ng'ombe, ana mafua tangu juzi. Na beseni unaloogea ni langu."

"Birika langu," nikasema.

"Na mimi kuku wangu alikuwa anataga," akasema mzee Manase, taratibu, kama anayetoa taarifa ya msiba. "Lakini sikuulizwa."

Tamimu akamgeukia Theodora. "Mama, ni kweli?"

Nilitegemea Theodora atakana. Mdomo wake naujua. Lakini mikono ilimshuka kiunoni.

"Mimi na wanangu tunakula jikoni," akasema. "Mlenda. Tangu umekuja hatujagusa hata shingo ya kuku. Mume wangu amesema mgeni akiona tunavyoishi ataenda kutusema."

"Si ndicho alichokuja kufanya?" nikamuuliza. "Atusemee nini, wali?"

Theodora akaingia ndani, akatoka na kuku wangu, miguu imefungwa kamba ya katani, mdomo wazi kwa kiu. Nikampokea, nikaondoka mbio bila kuaga, na nasikia viatu vya mgeni vinanifuata nyuma, vinalia kwenye changarawe.

Mayai yalikuwa na uvuguvugu bado. Nilimfungua kuku kamba, akasimama, akakizunguka chungu kama nyumba ya watu. Hasira ikanipanda upya. Nikamwonyesha Tamimu kwa kidole aangalie vizuri. Akachuchumaa. Kuku akanywa maji, akatia mguu mmoja, akautoa. Mwisho akapanda, akajikunjua manyoya, akakaa.

"Zimebaki siku ngapi?" kijana akauliza.

"Sita. Kama hamtakuja tena."

Akatoa daftari, akachana ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akabaki amesimama mlangoni pa tembe langu hajui aende wapi, maana chakula chake cha mchana kilikuwa kimerudi kwenye mayai. Sikuwa nimemsamehe. Lakini sijawahi kula na mtu amesimama mlangoni kwangu, na kwa mtoto huyu sikutaka kuanza.

"Vua viatu uinamie mlango, ni mfupi," nikamwambia. "Kuna ugali wa Yanga na mlenda. Ukiuona mlenda unavutika usikimbie, ndivyo ulivyo."

Akainama, akaingia. Nilipogeuka, Theodora alikuwa amesimama nje kwenye njia na watoto wake watatu, birika langu mkononi, anaangalia chini.

"Nimekurudishia."

"Liweke hapo," nikamwambia. "Nawisha hao watoto muingie, ugali unapoa."