Sanduku la Karani

Baba alitengeneza majeneza maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Utani huo ni wake, si wangu. Aliurudia kwa kila mfiwa ambaye machozi yake yalikuwa yameanza kukauka, na fundi vioo wa chumba cha pili aliusikia mara nyingi hata akawa anaumalizia kupitia ukutani.

Karani alikuwa mbwa wake. Hakununuliwa wala hakuombwa. Alikuja siku moja ya mvua, akajilaza juu ya maranda karibu na benchi, akalala usingizi wa mtu aliyefika kwake. Jina alipewa kwa sababu ya tabia yake ya kukaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia, kama anayetaka kujua una miadi na nani. Mama alipofariki, Baba alihamishia godoro lake karakana, na tangu hapo wawili hao hawakulala mbali kuliko mkono unavyofika.

Macho ya Baba ndiyo yaliyoleta balaa. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia, daktari alisema, linafuata, na tiba yake haipatikani hapa. Dada yangu, ambaye ni muuguzi ng'ambo, alihangaika mpaka akapata hospitali, viza ya mtu mmoja, na tarehe ya upasuaji isiyosogezwa mbele. Akapiga simu akilia kwa furaha. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza Karani atasafiri vipi.

Dada alidhani anataniwa. Alipogundua hataniwi, sauti ikambadilika.

"Baba, mimi nimekutafutia daktari wa macho, si wa mifugo."

"Sasa huyo daktari atanifungua macho nimwone nani?"

Tukaingia kwenye vuta nikuvute. Dada alisema mbwa mwenyewe mzee, atafia njiani, na ni afadhali abaki na watu wanaomjua. Watu gani? Fundi vioo, aliyekuwa akimrushia Karani mifupa kila mchana, alipoombwa amchukue alisema kumweka mbwa kwenye vioo ni kumpa nyani shamba la mahindi alinde. Mimi napiga rangi magari kwenye gereji, na nimepanga chumba kimoja kwa mama mwenye nyumba asiyetaka hata paka wa kupita. Nikamwambia Baba nitahama. Akaniuliza nitahamia wapi. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta chumba, na kila mlango ulikuwa na bashasha mpaka nilipotamka neno mbwa. Wengine walinionea huruma, na huruma yao iliniudhi kuliko milango iliyofungwa.

Niliona hasira, sikatai. Nchi inayomtaka mzee bila mbwa wake inamtaka nusu. Lakini hasira haijawahi kumpandisha mtu ndege, na kila asubuhi nilimkuta Baba akiwa ameusogeza uso wake karibu zaidi na ubao anaoukata.

Mwisho dada alisalimu amri. Akaulizia taratibu zote, mimi nikazitimiza huku. Karani akadungwa chanjo, akatolewa damu, majibu yakaja mazuri. Daktari wa mifugo akamgonga mgongoni akasema huyu mzee bado ana miaka yake. Likabaki sanduku la kumsafirishia. Dada akaanza kueleza kwenye simu watu wa ndege wanalitaka liwe vipi, na Baba akamkatiza.

"Mwanangu, mimi nimesafirisha watu."

Tulicheka wote watatu, dada huko aliko, sisi karakana, fundi vioo naye akagonga ukuta. Suala la sanduku likaishia pale, ndani ya kicheko kile. Nani katika nyumba yetu angemfundisha Baba kutengeneza sanduku?

Alichagua mbao alizokuwa amezihifadhi nyuma ya kabati tangu Mama yupo. Alizipiga randa kwa mikono, akizipapasa kila mara kwa kiganja, maana kiganja kilikuwa ndicho jicho lililobaki. Pembe zote aliziunga kwa kung'atanisha, bila msumari hata mmoja. Akaweka mlango upande mmoja, akatoboa matundu ya hewa pande zote, akayapiga msasa ndani yasimkwaruze mtu pua. Alisema mtu, wala hakujisahihisha.

Kipimo alichukua kwa namna yake. Baba hakuwahi kuingia na futi kwenye nyumba ya msiba. Alisema kumpima aliyelala mbele ya watu wake ni kuwaambia haraka mno. Alikuwa akisimama kando ya kitanda kama aliyekuja kutoa pole, mkono wake ukatembea ukingoni mwa godoro shibiri kwa shibiri, akaondoka na kipimo bila mfiwa kujua kama kimechukuliwa. Na sanduku lilikuwa linakaa mwilini kama shati la kushonewa. Hivyo ndivyo alivyompima Karani: akiwa amelala ubavu, miguu imekunjwa, shibiri kwa shibiri, taratibu, asije akamwamsha.

Siku ya safari tulilibeba sanduku kwenye gari dogo la mizigo mpaka ghala la uwanja wa ndege. Baba alivaa koti zito alilotumiwa na dada, jasho likimtoka. Wapakiaji wawili waliacha kazi yao wakaja kulipapasa sanduku. Mmoja akauliza ni kabati la nani. Baba alitabasamu. Nilijivuna, kusema kweli. Nilisimama pale kama nimelichonga mimi.

Afisa wa mizigo alikuwa msichana wa rika langu, mpole, aliyemwamkia Baba kabla ya kufungua mdomo kwa jambo lolote. Akaomba Karani aingie ndani. Karani akaingia, maana aliambiwa na Baba. Aliingia kichwa kimeinama, mgongo ukasugua mfuniko, akajikunja akalala ubavu. Alienea barabara. Hapakubaki hata nafasi ya vidole viwili.

"Mzee, anatakiwa aweze kusimama," afisa akasema. "Na ageuke."

Baba aligeuza uso kumtafuta aliposimama. "Ageuke aende wapi?"

Hakuwa anabisha. Aliuliza kama fundi anayemuuliza mteja, akitaka kuelewa. Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwagiza sanduku ambalo aliyemo atataka kugeuka.

Msichana alinitazama mimi kwanza, kana kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia. Kisha akaweka mkono juu ya ule mfuniko uliolainishwa. "Sanduku ni zuri, mzee wangu. Sijaona zuri kama hili. Lakini huyu yuko hai."

Baba alimtoa Karani, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya sanduku na kupima upya, shibiri kwa shibiri, na safari hii midomo yake ilikuwa inahesabu. Nikamwuliza yule msichana kama wana masanduku yao ya kuazima. Walikuwa nayo, ya paka. Nikamwuliza kama Karani anaweza kupanda ndege ya kesho. Akasema mbwa anaweza, wakati wowote, mradi kuna anayempeleka na anayempokea. Lakini Baba ndiye aliyekuwa anampeleka, na Baba kesho yake alitakiwa alale kwenye kitanda cha hospitali.

Aliomba msumeno. Wapakiaji wakampa wa kwao, pamoja na mbao za mzigo uliovunjika, na akaanza kukata ili aunyanyue mfuniko. Yule afisa alinong'ona kwamba hata akiunyanyua, upana utabaki uleule. Nilimwacha akate. Alichora mstari kwa kalamu, akauweka msumeno pembeni yake kabisa, akakata kwa mwendo ule mzuri ninaoufahamu tangu utoto, akikata mahali ambapo mstari haupo. Wapakiaji waliona. Mmoja akainamia kamba za viatu vyake.

"Baba, nipe mimi."

"Niache."

Ubao ukapasuka. Akaupapasa ule ufa mpaka mwisho wake, akaulaza chini, akajifuta mikono kwenye koti jipya.

Dada akapiga kwenye simu yangu, nikampa Baba. Alisema kwa saa yake abiria wameanza kuitwa, alisema Baba panda, nakuomba, Baba, jicho halisubiri. Aliongea mpaka akaishiwa. Baba alinirudishia simu na kuniuliza nitamweka wapi Karani. Nilifungua mdomo.

"Basi usinijibu," akasema.

Tulitembea mpaka milango ya abiria, yeye ameshika kamba, mimi nimeshika begi lake. Hapo mlangoni aliinama, akamshika Karani masikio yote mawili, akayavuta kidogo kama anayelinganisha urefu. Hakumwambia maneno ya kuagana. Alimwambia, "Kaa." Karani akakaa. Baba akachukua begi, akagonga bega kwenye fremu ya mlango, akaiomba fremu radhi, akashika mkokoteni wa mtu asiyemjua na kuingia naye ndani. Hakugeuka. Hata angegeuka, pale tulipokuwa asingetuona.

Nilimwambia Karani twende. Hakunitazama. Nilivuta kamba, akajikaza, kucha zikakwaruza sakafu, nilipolegeza akarudi palepale. Ndipo nilipokumbuka kwamba Baba akishamwambia akae, humwachia kwa neno moja, "haya", na neno hilo alikuwa ameondoka nalo. Sijui kama alisahau au lilimshinda. Nikalisema mimi. Nikalirudia kwa sauti nzito, kama yake, watu wakanigeukia. Karani alinipa sikio moja, akalirudisha mlangoni.

Askari akaja akasema mbwa haruhusiwi kukaa hapo. Nikamjibu amwambie mwenyewe. Alimtazama Karani, akanitazama mimi, akaenda zake kwenye kiti chake. Nikapiga simu ya Baba ili alisemee neno hilo huko huko aliko, hata mara moja tu, niiweke simu sikioni mwa mbwa. Ilikuwa imeshazimwa.

Waliokuja kuaga watu wao wakapungua, wakabaki wafagiaji. Nikainama, nikapitisha mikono chini ya tumbo lake, nikamwinua. Hakupigana. Alikuwa mwepesi, mifupa na joto, na moyo wake ulikuwa unagonga kwenye kiganja changu. Nikaanza kutembea kuelekea barabarani, nisijue ninakompeleka, na kila nilipobadilisha mkono alinyoosha shingo juu ya bega langu apate kuuona mlango.