Maneno Mia Tatu Sitini na Tano

Mimi ni msomaji wa prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Nalipwa kuona makosa ya watu, na nikirudi nyumbani naendelea kuyaona bure. Mume wangu, fundi wa majokofu, husema nilizaliwa na kalamu nyekundu mkononi. Amekosea. Nilirithishwa na baba, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na ambaye wanafunzi walimpa jina la Nukta kwa sababu akishasema, basi, mjadala umefungwa.

Baba alikuja kwetu kwa ajili ya goti. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na tangu mama atutoke miaka miwili nyuma alikuwa akiishi peke yake. Siku niliyokwenda kumchukua nilikuta mezani sufuria moja, sahani moja na kijiko kimoja. Vyombo vingine vyote vilikuwa na vumbi. Kumbe alikuwa anakula amesimama, hapo hapo jikoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Niliingiza kichwa kabatini nikajifanya natafuta chumvi, nikalia, kisha nikampakia sanduku lake.

Goti likapona upesi mno. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

"Mwanangu, mimi sasa nirudi kwangu," alikuwa akisema kila asubuhi. "Baba mzima nimejibanza kwa mkwe, hata haya sina?"

"Mkwe mwenyewe hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu ana adabu. Acha niondoke kabla haijamwishia."

Mimi sikutaka aondoke. Lakini kumwambia hivyo usoni nilishindwa. Katika nyumba tuliyokulia tulisahihishana, hatukubembelezana.

Basi wiki hiyo mwenye duka la vitabu akatuletea kazi ya kalenda ya mezani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Kila karatasi iwe na neno la Kiingereza ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Orodha aliyoleta ilikuwa aibu tupu. Neno la tarehe mbili Januari lilikuwa "beautiful". Nikamwambia bosi kwamba hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Bosi akanijibu kwamba kama najua sana, nitengeneze orodha mwenyewe. Nikasema sawa, nikaibeba kazi hadi nyumbani, nikamtupia baba mapajani.

"Hii ikiisha, naondoka," alisema. Lakini tayari alikuwa ameomba miwani.

Kamusi yake ilikuwa nzito kama tofali. Kila neno aliloliteua aliliandika nyuma ya kadi ya harusi iliyoharibika mtamboni, maana kiwandani zimejaa tele. Kwa hiyo kila neno gumu lilikuwa na bibi harusi mgongoni. Na alikuwa na sharti lake: neno halikuingia kwenye orodha mpaka lionekane likifanya kazi ndani ya nyumba yetu. Kulikuta kamusini hakukutosha. Lazima litokee, watu waone.

Asubuhi moja binti yangu, wa miaka saba, alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu ambayo ncha yake imechanika. Baba akainama na goti lake jipya. "Hiki kidude cha plastiki kilichotoka, mjukuu wangu, kinaitwa 'aglet'. Sasa unajua unachokililia." Mtoto akaenda shule akawasumbua walimu siku nzima.

Jioni mtoto huyo huyo alisimama kando ya sahani ya babu yake, kimya, macho kwenye yai la mwisho. Babu akaruka kuchukua kadi. "'Groak'! Kumkodolea macho mtu anayekula, ukitumaini atakukaribisha."

"Kumbe Waingereza nao wanadoea!" mume wangu akasema. Baba alicheka mpaka akavua miwani, na yai akampa mjukuu.

Mume wangu hakucheka zamu yake ilipofika. Anamheshimu mkwewe kiasi kwamba mbele yake hata kukohoa anakohoa kwa mpango. Siku hiyo alikuwa ameshinda juu ya paa la bucha akitengeneza mashine ya ubaridi, hajala. Tukiwa tumekaa kimya kusubiri chakula, tumbo lake likanguruma kama trekta. Baba akanyanyua kidole. "'Borborygmus'," alitangaza. "Ngurumo za tumbo. Asante sana, baba, nimekungojea tangu Jumatatu." Mkwe wa watu akabaki anatazama kitambaa cha meza.

Lile la "overmorrow" lilimtia hasira. "Maana yake ni keshokutwa. Walikuwa nalo, wakalitupa! Sasa wanatumia maneno manne kusema keshokutwa. Watu wazembe hawa." Na alipofika kwenye "mumpsimus", yaani mtu anayeng'ang'ania kosa lake hata baada ya kuonyeshwa lililo sahihi, aliweka kalamu chini. Baba alitutazama mmoja mmoja, akingoja tumtaje mtu. Hakuna aliyethubutu. "Linaingia," akasema mwenyewe, akaliandika.

Nyumba ilichangamka. Alikula ameketi, akaongezewa, akaongezewa tena. Na mimi nikawa mtu wa ajabu, nafurahi mchana kutwa kisha nahesabu kadi na roho inanywea. Tulipofika mia tatu na arobaini, akamwomba mume wangu amtafutie kamba ya kufungia sanduku.

Hapo nikafanya jambo ambalo msomaji wa prufu hapaswi kulifanya hata ndotoni: nikaiba maneno. Nilichukua kadi mbili nikazificha chini ya mashuka kabatini. Siku ya pili nikachukua tatu.

"Jana tulikuwa na mia tatu arobaini na nane," baba alisema. "Leo naona mia tatu arobaini na tano."

"Umehesabu vibaya, baba."

Alizipanga kadi upya. "Labda," akasema.

Ilinipasa kujua hapo hapo. Baba yangu hajawahi kusema "labda" maisha yake yote. Lakini nilikuwa nimenogewa na wizi wangu. Yeye anaongeza, mimi napunguza, na orodha ikawa inacheza mahali pamoja kama gari kwenye tope. Kamba ililetwa, ikakaa juu ya sanduku wiki nzima bila kuguswa.

Ijumaa bosi akanishika mlangoni. "Kesho saa sita mchana orodha iwe mezani kwangu. La sivyo mtambo naupa kazi nyingine, na mwenye duka utamweleza wewe."

Jumamosi asubuhi nikapiga moyo konde. Nilitoa kadi zote chini ya mashuka, kumi na tisa, nikaenda nazo barazani ambako baba, mguu mmoja tayari umo kiatuni, alikuwa anakipiga rangi kiatu cha pili. Nikaziweka kwenye stuli mbele yake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizificha. Orodha inatakiwa leo."

Hakushtuka. Alimalizia kiatu, akafuta vidole kimoja kimoja, akatoa daftari chini ya mto wa kiti. Ndani yake mlikuwa na maneno yote mia tatu sitini na tano, kwa mpangilio wa tarehe, kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni. Na yale kumi na tisa yangu yalikuwemo.

"Miaka thelathini na minne watoto wananificha karatasi," alisema. "Unadhani sikujua?"

"Umemaliza lini?"

"Jumanne."

"Baba, leo Jumamosi!"

"Najua leo ni siku gani."

"Si ulisema ikiisha unaondoka? Sasa tangu Jumanne ulikuwa unangoja nini?"

Alifunga kopo la rangi, akalifungua, akalifunga tena. "Nilikuwa nangoja uniombe nibaki. Wewe ukaona bora uibe."

"Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mara ya kwanza lazima nikatae, mimi ni baba yako. Na ya pili pia."

Ndani nilimsikia mume wangu akimnyamazisha mtoto. Walikuwa wamejibana nyuma ya pazia wote wawili, wanasikiliza.

"Baba, baki na sisi," nikasema.

"Hapana. Nina nyumba yangu."

"Baki, baba. Nyumba ile imekuwa kubwa mno kwako. Nilikiona kile kijiko kimoja."

"Hapana," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshamwishia.

"Mimi ndiye ninayekuhitaji hapa. Ukiondoka nitalia kila siku. Baki."

Baba akainua mguu, akaanza kuvua kiatu alichokuwa amekwisha kukivaa kwa safari.