Samaki Watatu Katika Hodhi Moja

Niliwahesabu mara mbili, maana miaka ile macho yangu yalikuwa yameanza kunidanganya, ingawa mdomo ulikuwa bado mzima. Watatu! Samaki wanene wa bwawani walibanana katika hodhi langu la kuogea, mkia wa mmoja juu ya jicho la mwenziwe, wakitweta kama mashangazi waliopanda ngazi.

Kwetu mjini Brno samaki wa Krismasi hununuliwa hai, kwenye mapipa ya sokoni. Huachwa aogelee hodhini siku mbili tatu, na nyumba nzima ikavumilia kutooga na kunuka jasho kwa heshima yake. Samaki mmoja kwa nyumba. Mmoja!

Niliwaita wapangaji wangu. Otylie, dereva wa tramu, treni zile za barabarani, aliyekuwa karudi mapumzikoni, alikuja na kofia yake ya kazi. Hynek, fundi wa kompyuta, alikuja na ndevu za siku nne.

"Huyu mwenye tumbo ni wangu," nikasema. "Hawa wakwe zake wametoka wapi?"

"Mimi nilichungulia asubuhi, hodhi tupu," akasema Otylie. "Nikasema huyu bibi kazeeka, kasahau. Nikaenda sokoni."

"Hata mimi nilikuta tupu," akasema Hynek.

"Na mliporudi, hamkuangalia?"

"Niangalie nini tena, bibi?" Otylie akabetua midomo. "Si nilishaangalia? Nikammwaga toka mlangoni, nikawahi tramu yangu."

Nilikuwa nimeandaa tusi zuri, la kijijini kwetu, lakini nilipomtazama Hynek likanikwama kooni. Alikuwa ameganda, maji ya hodhi yakimchuruzika mikononi.

Alipohamia kwangu, miaka miwili kabla, alinieleza kazi yake kwa kupanga vijiko vya chai mezani. Kompyuta nyingi, zilizo mbali mbali, huchangia ghala moja la mafaili. Inayotaka kuandika katika faili huomba kufuli kwanza, zisije zikaandika mbili kwa pamoja zikavuruga. Yeye alikuwa akitunga upya mitambo ya kugawa kufuli hizo. Nilimwambia kazi hiyo naijua, nimelea watoto watano na choo kimoja.

Lakini mara moja katika maelfu, kufuli moja ilipewa waombaji wawili. Hynek akiweka mtego, kosa linajificha. Akiutoa, linarudi kumcheka. Mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa nchi nyingine na ambaye hawakuwahi kuonana naye, alikwisha kumwandikia: dawa isipopatikana leo kabla ya saa kumi jioni, kazi yote ya miaka miwili inang'olewa, ya zamani inarudishwa. Asubuhi ile nilikuwa nimemfukuza nje akavute hewa, na yeye akarudi na hewa pamoja na samaki.

"Otylie," akasema taratibu, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Ulishaangalia."

"Basi nilishaangalia! Sasa ni kesi?"

Akakimbia chumbani. Nikamfuata, mimi sikuumbwa kubaki nyuma ya mlango. Akanionyesha kwa kidole mistari ya programu aliyoiandika mwenyewe na kuisoma mara mia bila kuliona kosa. Mitambo yake ilichungulia: kuna aliyeshika faili? Hakuna. Kisha ikaenda pembeni kutafuta nafasi ya kuandikia jina la mwombaji. Ikirudi, inaandika moja kwa moja, haichungulii tena. Na ilipokuwa huko pembeni, mwombaji mwingine naye alishachungulia, akakuta tupu.

"Sokoni," nikasema.

"Sokoni, bibi."

Mistari minne tu aliiongeza: ukirudi, angalia tena ndipo uandike. Akazigombanisha kompyuta zake kwa makusudi. Siku zote zilivurugana kabla ya nusu saa. Nilimletea supu ya viazi ikapoa. Nikaipasha, ikapoa tena. Saa tatu zikapita, hakuna kilichovurugika.

Saa tisa na nusu akamtumia mkubwa wake. Mafundi wa kazi yake wana desturi: chini ya kila tengenezo huandikwa majina, aliyetengeneza na aliyeripoti kosa. Kabla hajatuma nilimwona akiandika, mahali pa aliyeripoti, jina langu Drahomíra na ukoo wangu wote mrefu.

"Utaniaibisha, mwanangu. Mimi ni wa darasa la tano."

"Aliyeliona kosa anaandikwa. Hatuulizi cheti."

"Na Otylie?"

"Huyo ndiye kosa lenyewe."

Leo Hynek ana kipara na mabinti wawili huko Ostrava, na bado hunipigia simu kunikemea nisipande ngazi. Lakini mimi nikimkumbuka, namkumbuka saa kumi kasoro dakika tano, jibu lilipoingia. Alinisomea kwa sauti, nami nilikuwa nimesimama na bakuli mkononi.

"Imepokelewa. Kazi yako inabaki. Huyo Drahomíra yuko kampuni gani?"

"Mwambie yuko jikoni," nikasema.

Akacheka. Kisha kicheko kikamgeuka, mabega yakaanza kutikisika, akaufunika uso kwa viganja. Nikaweka bakuli chini. Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikatazama nje dirishani, theluji ikianguka juu ya paa la jirani, kana kwamba kulikuwa na jambo huko lililohitaji kutazamwa kwa muda mrefu.