Msikiti Ulioelekea Kusini

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Ana jicho moja, akikonyeza mara moja, hasahau maisha."

"Kamera ya babu!" akasema mjukuu wangu Samiha, wala hakuinua kichwa.

Tulikuwa nyumbani, mtaani Jadida. Marehemu mume wangu Ishak aliacha kopo la biskuti limejaa filamu za mabonde na mashamba. Harusi hakupenda kuzipiga, watu wakimchosha. Samiha alizipitisha filamu kwenye mashine, kisha kwenye kompyuta akafuta mikwaruzo na kung'arisha mawingu.

Mimi niliitaka moja tu: shamba letu la Wingwi, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mama alifariki mwaka huo. Wanawake hatuendi kuzika, basi kesho yake alfajiri Ishak alisimama barabarani akapiga picha, nijue mama kalazwa wapi. Ndugu yangu Hamad hakuja mazikoni. Yeye na chama chake, sisi na chetu. Sasa anajenga pale, na kaburi halina hata jiwe. Waliozika wamekwisha kufa.

Picha ilipong'aa, tuta la udongo mbichi lilikuwa kulia kwa mnazi. Mimi nakumbuka Ishak aliniambia kushoto. Au niliota? Nikajiambia, uzee huu. Nikampigia Hamad: "Ukitazama kutoka barabarani, chimba kushoto kwa kisiki cha mnazi. Kulia usiguse."

Asubuhi ya pili Samiha akasafisha kona ya picha, ukatokeza msikiti mdogo. Nikautazama, nikautazama tena.

"Jua linachomoza wapi hapo?"

"Mbele yetu, bibi."

"Kaskazini basi ni mkono gani?"

Akanyoosha mikono hewani. "Kushoto."

"Na kibla ya msikiti imetokeza wapi?"

"Kulia."

"Yaani watu wa Wingwi wanaswali kusini, na Makka iko kaskazini?"

Alicheka, kisha akaishika filamu kwenye mwanga. "Bibi, filamu ina uso na mgongo. Nadhani niliilaza kifudifudi."

Tukakodi gari mbio mpaka Wingwi. Hamad alikuwa ndani ya msingi, umemfika magotini.

"Toka humo!"

"Dada, si wewe uliyesema kushoto?"

"Nilisema. Picha ilikuwa imepinduliwa."

"Imepinduliwa picha, au kichwa chako?"

"Ungekuja kumzika mama, usingekuwa na haja ya kuniuliza mimi."

Nikarudi barabarani na picha iliyosahihishwa, nikaipima na shamba. Mnazi wa picha ni mmoja; visiki mbele yangu viwili. Nikasogea, nikarudi. Kila nikisogea, mama anahama.

"Una hakika sasa?" Hamad akauliza, sauti imeshuka.

"Sina. Fukia."

Akatoka shimoni. Fundi wake akamnyooshea jembe, akalikataa. Akachutama ukingoni, akachota udongo kwa mikono na kuumimina ndani, mara tatu, kama wafanyavyo wanaozika. Ndipo akaomba jembe. Nami nikainua mikono kusoma Fatiha, nisijue niisomee upande upi.