Udongo wa Mzee Ludwik

Danuta alisimama kando ya kaburi la baba yake ameshika kopo la majani ya chai, jasho linamtoka kwenye viganja, na baridi yote ile ya Hobart, kusini kabisa mwa Australia. Watu wa klabu ya Wapolandi walikuwa wanaliangalia kopo. Siyo jeneza, siyo bendera nyeupe na nyekundu ya Poland iliyolifunika, siyo padri. Kopo tu. Maana kila mtu alijua ndani kuna nini.

Au alidhani anajua. Mle ndani kulikuwa na udongo alioukwangua asubuhi hiyo hiyo nyuma ya nyumba yake, chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Sasa usimrukie bado. Sikiliza ilivyokuwa.

Mzee Ludwik Sawicki aliondoka Poland bado kijana mbichi, Vita ya Pili ya Dunia ndiyo imeanza, nchi imevamiwa huku na huku. Kabla hajavuka mpaka kule milimani akapiga magoti, akachota udongo, akaufunga kwenye leso. Leso ikaenda naye mpaka jangwani Tobruk, kule Libya, wakajichimbia mashimoni na Waaustralia, nzi juu, mabomu juu. Ikaenda naye Italia, akapanda nayo ule mlima ambao wenzake wengi hawakushuka. Vita ikaisha, akaambiwa kwenu sasa anatawala Mrusi. Akasema basi, mimi sirudi. Akapanda meli akaja Tasmania kwa mkataba wa kujenga mabwawa ya umeme. Akalala kwenye hema, theluji mpaka kwenye buti. Akaitwa kila jina la kudharau wageni, akajua matusi ya Kiingereza kabla hajajua salamu. Akaoa, akajenga nyumba yake mwenyewe pale kitongoji cha Glenorchy, tofali kwa tofali, akapata mtoto mmoja, akamzika mkewe, akazeeka mpaka watu wakaacha kumuuliza umri. Muda wote huo udongo upo, ila ulishahamia kwenye kopo la chai.

"Siku yangu ikifika," alikuwa anasema, "mnimwagie huu kwanza, ndiyo mfuatishe wa hapa. Nisilale ugenini moja kwa moja."

Hakuomba kitu kingine. Hakutaka jiwe la maana wala bendi. Hicho tu.

Ila mzee hakuwahi kutupa kopo maishani mwake. Alikuwa na makopo ya misumari, ya skrubu zilizopinda, ya vifungo vya mashati yaliyokwisha zamani. Aliposhindwa ngazi za nyumba yake akahamia kwa Danuta, na ile nyumba ikabidi isafishwe. Danuta mgongo unamuuma, hasira zimempanda, akawa anamwaga tu kwenye kontena la taka, hili mwaga, hili mwaga. Kopo moja likatoa vumbi la kahawia. Akapiga chafya. Kopo lenyewe lilikuwa zuri, akaliosha, akawekea vibanio vya nguo.

Hakukumbuka. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Siyo kwamba hakuambiwa.

Baadaye mzee akalala kitandani, hali siyo, akamshika Danuta mkono, akamwita kwa jina la utotoni.

"Danusia, kopo langu liko wapi?"

Hapo ndipo Danuta akakumbuka lile vumbi la kahawia. "Lipo, baba."

"Umeliweka pakavu?"

"Pakavu kabisa."

Mzee akafumba macho, uso umetulia kama mtoto aliyeshiba. Danuta akatoka uani akavitazama vile vibanio, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mumewe Greg, Mwaustralia wa kuzaliwa, mtu mwema tu, akamwambia, "Mke wangu, udongo ni udongo. Nani atajua?"

Sasa, pale kaburini, padri akamwonyesha kwa kichwa: haya. Danuta akasogea, akainamisha kopo. Udongo ukaanguka juu ya jeneza, ta ta ta. Nyuma yake akasikia watu wanavuta kamasi.

"Usimalize! Danusia, usimalize wote!"

Watu wakageuka. Mzee Feliks Wrona anakuja na kigari chake cha kushikilia akitembea, magurudumu yanakwama kwenye nyasi. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu tangu siku za mabwawa, na kwa wazee waliopigana alikuwa amebaki karibu peke yake.

"Ludwik aliniahidi nusu," akasema, anahema. "Mimi sina. Warusi walitutoa nyumbani katikati ya baridi, ardhi imeganda, hata kwa shoka huchoti. Nikamwambia Ludwik, mwenzangu una bahati. Akasema, ukichelewa kufa, chukua nusu."

Akatoa leso mfukoni. Imepigwa pasi. Yaani mzee alikuja amejiandaa.

"Mjomba Feliks," Danuta akaanza, "tungeongea baadaye..."

"Baadaye gani kwa umri wangu?"

"Mpe bwana," akasema Mama Jadwiga, msimamizi wa jiko la klabu, "unamwacha mzee wa watu kwenye upepo."

Akampa. Angefanyaje? Feliks akafunga ile leso taratibu, akaibusu, akaitia kwenye koti upande wa moyo. Danuta akaangalia viatu vyake.

Pale klabuni kwenye chakula cha msiba ndiyo ikawa balaa. Feliks akaiweka leso mezani, pembeni ya sahani ya supu ya bitiruti.

"Feliks, utaumwaga udongo kwenye supu hiyo," Mama Jadwiga akasema.

"Basi supu yako itapata ladha, Jadwiga. Tumeingoja miaka mingi."

Watu wakacheka, vodka ikazunguka, na leso nayo ikazunguka. Wazee wakawa wananusa. "Kwetu kabisa," mmoja akasema, machozi yanamshuka mpaka kwenye masharubu. Stefan, mzee anayebeba bendera ya klabu, akasimulia habari ya shangazi yake aliyejaribu kuleta udongo kutoka Poland, maofisa wa uwanja wa ndege wakautupa kwenye pipa mbele ya macho yake. "Kwenye pipa! Kama takataka!" Meza nzima ikaguna kwa uchungu. Danuta akajidai amepaliwa.

Mama Jadwiga akamshika bega. "Watoto wa siku hizi wangeutupa, mwanangu. Wewe umemtunzia baba yako. Mungu anaona."

Danuta akaenda chooni akafungulia maji ya bomba ili asisikike akilia.

Siku kadhaa hakula vizuri. Greg anamwambia itapita. Haikupita. Mchana mmoja akavaa koti, akaenda kwenye nyumba za wazee anakokaa Feliks. Alipofunguliwa mlango, kitu cha kwanza kuona ni bakuli la sukari la kioo, limewekwa chini ya picha ya Bikira Maria, mshumaa unawaka. Udongo wa uani kwake umo ndani, umesawazishwa vizuri juu.

Hakukaa hata. "Mjomba, ule siyo wenyewe. Wa baba niliutupa. Nilikuwa nasafisha nyumba, sikujua, yaani nilijua ila nilisahau. Huu nimeuchota kwangu."

Feliks alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, akaweka birika chini.

"Kwako wapi?"

"Uani. Chini ya kamba ya nguo."

"Kwa hiyo Ludwik amelala na udongo wa kamba ya nguo."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeubusu. Mbele ya watu."

"Ndiyo, mjomba."

Mzee akafikiri. "Nyie si mna mbwa?"

"Tunaye."

"Anakojoa pale?"

Danuta alitamani kusema hapana. "Mara nyingine."

Feliks hakucheka. Akakaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza Danuta akamwona jinsi alivyo mdogo, kola ya shati imemzidi shingo. Danuta akanyoosha mkono kulichukua lile bakuli aondoke nalo. Mzee akalifunika kwa kiganja.

"Acha hapo."

"Siyo wa kweli, mjomba."

"Nimesikia, siyo kiziwi. Jana watu wa klabu walikuja hapa. Stefan akapiga magoti kwenye zulia hilo, na magoti yake unayajua, tulimnyanyua kama kabati. Nimwambie ulipigia magoti mkojo wa mbwa?"

"Nitawaambia mimi. Ni kosa langu."

"Utawaambia, utapumua, utarudi kwa mumeo. Na wao je? Mimi je?" Akalivuta bakuli kwake. "Ludwik alikuamini wewe. Sisi tulimwamini Ludwik. Sasa unyamaze. Siku yangu utanimwagia mwenyewe, mbele yao wote, na uso usikunje."

Danuta alikuja kuutua mzigo, akaona unaongezwa. Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Mama Jadwiga, na skafu yake ya kanisani, kichupa kitupu cha dawa mkononi.

"Samahani jamani. Feliks, nimekuja kukuomba kidogo. Kijiko tu. Mume wangu alizikwa bila chochote, nimpelekee."

Feliks akatazama dirishani. "Muulize mwenyewe. Ni wa baba yake."

Mama Jadwiga akageuka, macho yamejaa matumaini. Danuta akatazama kile kichupa. Akachukua kijiko cha chai, akachota, akamjazia.

"Na ulikuwa wa wapi hasa, mwanangu? Nikamweleze pale kaburini."

Na Danuta akamwambia. Kama baba alivyokuwa akimsimulia, akamtajia kijiji cha babu yake na kijito chake, mti wa peasi nyuma ya ghala, njia ya kupanda mpakani, jinsi baba alivyopiga magoti na farasi wa jeshi wanapita. Yote kwa Kipolandi, lugha ambayo baba yake alimbembeleza aiseme akakataa. Ilimtoka bila kukwama popote. Mama Jadwiga akawa anatikisa kichwa, analia, kichupa amekikumbatia. Feliks akazidi kutazama nje dirishani, na Danuta akaendelea kusimulia, uso unawaka moto, kwa sababu hakujua tena aishie wapi.