Mkanda wa Uzi Mwekundu

Padri wetu alihubiri kwamba Mkristo hakai na silaha nyumbani. Mume wangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii, kesho yake akampelekea bunduki yake kwenye ofisi ya parokia. Wiki tatu baadaye majambazi walivunja mlango wetu, wakamkatakata jikoni akiwa ameshika mwiko.

Baada ya mazishi nilikwenda kumwombea misa. Getini kwa padri, mlinzi alikuwa ameitundika begani bunduki ile ile. Mkanda wake niliushona mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

“Mama, Kanisa halikatazi kujilinda,” padri aliniambia, wala hakuona haya. “Hasa kwa mtu mwenye watu wanaomtegemea.”

Marehemu ameniachia watoto watano. Padri ana paka.